Bonde Lisilochimbwa

Jumba alikata roho saa moja na robo asubuhi, na saa mbili kamili mkewe Kageha alikuwa ameshalipima bonde kama kawaida. Watu walimsema baadaye kwa hilo. Wacha waseme. Mwili wa mtu una kazi zake unazozijua, na asubuhi ile miguu ya Kageha ilitoka chumbani, ikapita jikoni, ikampeleka kwenye kichwa cha Utando, ule mtambo wa kupimia kule nyuma ya ghala, na mkono wake wa kulia ukajilaza juu ya bamba la shaba kama ulivyojilaza kila siku kwa miaka kumi na mmoja.

"Habari ya asubuhi, Mama Kageha," kilisema kichwa kwa ile sauti yake ya karani mwenye adabu. "Bonde la Ivuluhi linapumua vizuri. Mapigo ni tisini na nne kwa mia. Kuna lolote la kuripoti?"

"Hakuna," alisema Kageha.

Akarudi ndani, akamfunga mumewe kidevu kwa leso, akaweka sufuria ya chai motoni. Alikaa akisubiri uchungu uje. Haukuja. Ndani yake palikuwa patupu na tulivu, na jambo hilo lilimtisha kidogo, lakini hata hofu yenyewe aliisikia kwa mbali, kama inamhusu jirani.

Chai ilipochemka aliisahau, akatoka kwenda kutazama mahali. Kwao mwanamume huzikwa mbele ya nyumba yake, mkono wa kulia unapotoka mlangoni. Hapakuwa na la kuuliza. Hatua tisa kutoka kizingitini, kati ya mparachichi na kamba ya kuanikia nguo. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Kageha alichuchumaa, akazitenga kwa vidole, na huko chini akauona weupe ule anaoujua, nyuzi nyembamba kama ukungu unaoota kwenye kiporo, zikipita kutoka mzizi hadi mzizi.

Huo ndio Utando. Serikali iliuleta ukiwa ndani ya mikebe, ukapandwa siku moja katika mashamba yote arobaini na moja ya Ivuluhi, na baada ya misimu miwili ulikuwa umeshikana chini ya bonde zima. Unaifungia ardhini ile hewa chafu ambayo mizizi inaishusha, unashikilia maji ya mvua, na unajua kila kinachopita juu yake, awe ng'ombe au fuko. Kila msimu ambao bonde limepumua vizuri, serikali inalipa ruzuku ya mapumziko. Hailipi shamba moja moja. Inalilipa bonde, na bonde linagawana, kwa sababu Utando hauna shamba moja moja; ni mwili mmoja. Mtu akichimba kupita kina cha kiwiko, popote pale, nyuzi hujirudi kutoka kila upande, bonde zima linanyamaza, na huchukua misimu mitatu kuamka. Uukate mahali pamoja au mahali mia, usingizi ni ule ule.

Ndiyo maana Ivuluhi hakuna aliyelima. Mboga zilipandwa kwenye magunia kando ya jikoni, unga ulikuja na lori kutoka kaunti za juu, na majembe yalining'inia ghalani hadi mchwa wakala mipini. Kulikuwa na watoto wa darasa la tano ambao hawajawahi kuona kiazi kikitoka ardhini. Lakini chemchemi zilizokauka enzi za babu zao zilikuwa zimerudi, na hakuna aliyelala njaa. Mtu wa kusema mpango ule ulikuwa wa kijinga angekuwa mwongo.

Kageha ndiye aliyekuwa mlezi wa Utando. Kazi yake ilikuwa kuupima na kuulinda.

*

Saa tatu alipiga simu kaunti. Afisa wa zamu alikuwa mtu mstaarabu.

"Pole sana kwa msiba, mama."

"Asante."

"Sasa, nimefungua ramani ya boma lenu hapa. Naona mna maduara mawili yanayoruhusiwa kuchimbwa. La kwanza ni la nyumba, na naona nyumba imelijaza lote. La pili ni lile la nyuma." Akasita, akawa anapima kitu kwenye kioo chake. "Hilo lina nafasi. Mita mbili na nusu kwa moja na nusu. Inatosha, mama. Hilo halina shida kabisa."

"Hilo ni la choo," alisema Kageha.

"Samahani sana," alisema afisa, na kweli alisikika kuwa na aibu. "Basi kuna gari la kaunti. Ni bure. Makaburi ya mjini bado yana nafasi."

"Najua. Mimi ndiye huliita."

Aliomba liwe tayari saa tisa, iwapo litahitajika, akakata simu. Alikaa ameishika mapajani.

Kosa lilikuwa lao wenyewe, na kila mtu bondeni alilijua. Mpima ardhi alipokuja mwaka ule wa mkataba, mwanamke mpole kutoka pwani, aliwakusanya uwanjani akawaomba waonyeshe kila mahali watakapohitaji kuchimba kwa miaka thelathini ijayo. Walionyesha misingi ya nyumba. Walionyesha visima. Kuhusu vyoo walibishana saa nzima mpaka mwanamke wa watu akaomba maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Kuna mahali pengine?"

Watu wakatazamana. Hakuna asiyejua kwamba kuna mahali pengine. Lakini ni nani wa kusimama uani pake akiwa mzima, watoto wake wakimtazama, anyooshe kidole chini aseme hapa? Kwao huko si kupanga, ni kujiita. Hata seremala wa majeneza wa kwao hathubutu kumpima mtu aliye hai. Basi ni Jumba aliyewaokoa, kwa kile kicheko chake cha kifuani. "Hakuna pengine, dada. Andika tu twende tukale." Watu wakacheka kwa nafuu, wakapanga foleni, wakaweka dole gumba mmoja baada ya mwingine.

Tangu siku hiyo watu kumi na saba walikuwa wamekufa Ivuluhi. Wote kumi na saba walipanda gari jeupe la kaunti, wakalazwa mjini chini ya vibao vyenye namba, katikati ya wageni. Bonde liliandika barua tatu kuomba ramani ifunguliwe upya. Zote tatu zilijibiwa kwa shukrani tu.

*

Kufikia saa tano uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Nyumba zote arobaini na moja zilikuwa zimeleta watu, na viti vya kanisa vilikuwa vimefika. Muhonja, binti pekee wa marehemu, alikuwa njiani kutoka Mombasa. Wanawake walimkumbatia Kageha wakalia shingoni mwake. Yeye aliwapigapiga mgongoni, akawauliza kama wamekunywa chai.

Vugutsa, mwenyekiti wa bonde, alimvuta pembeni hadi nyuma ya ghala. Alikuwa binamu ya Jumba, mtu wa kofia na maneno machache, na ndiye aliyesimamia mgao wa ruzuku bila hata siku moja kushukiwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, tumeongea sisi wanaume. Jumba haendi mjini."

"Ataenda wapi?"

"Atabaki hapa." Alionyesha mparachichi kwa kidevu. "Mti ukianguka wenyewe, mkataba unasamehe. Bonde linanyamaza, lakini ruzuku inaendelea, kwa kuwa ni kazi ya Mungu. Sasa, upepo umekuwepo wiki nzima, kila mtu ameuona. Tunaufunga huo mti kamba, tunauvuta. Shimo la mizizi yake ni kubwa. Tunalichimba kidogo, tunamlaza ndugu yangu humo, tunamfukia, shina tunaliacha limelala juu. Wewe unaweka mkono kwenye kichwa, unasema mti. Kichwa hakimwamini mtu mwingine."

"Na kaburi?"

"Kaburi ndilo hilo."

"Kilima chake? Msalaba?"

"Shemeji, kile kindege cha kaunti kinapiga picha kila Ijumaa. Hakutakuwa na kilima. Hatutaimba hapo, hatutapanda maua. Lakini atakuwa nyumbani kwake, na sisi tutajua."

Kageha alijaribu kuamua kama jambo hilo ni jema au baya, akaona mawazo yake hayashiki popote, yanateleza tu. Aliutazama ule mti. Ulikuwa mti mzuri.

"Na tukisema kaburi? Tukisema ukweli?"

"Misimu mitatu bila ruzuku," alisema Vugutsa polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari zake. "Majembe mengi hayana mipini. Hatuna mbegu. Watoto wenyewe hawajui kulima. Jumba angetaka hivyo?"

"Watu wamekubali?"

"Wote. Hata Azangu nimemwuliza."

Ndipo Kageha alipomgeukia sawasawa. "Azangu alisemaje?"

"Alisema sawa."

*

Azangu alikuwa nyuma ya jikoni akimenya ndizi, beseni katikati ya miguu. Nyumba yake ilipakana na ya Kageha. Mwaka uliopita mama mkwe wake, Mama Berita, alipofariki, wanaume wa nyumba ile walianza kuchimba alfajiri bila kumwambia mtu. Kageha aliziona nyuzi zikitetemeka kwenye bamba, akakimbia peku hadi kwao, akaingia ndani ya shimo lililokuwa limefika kifundo cha mguu, akakaa. Hakutukana wala hakubishana. Alikaa tu na gauni lake la kulalia mpaka wakaweka majembe chini. Kisha akaliita gari jeupe.

"Keti, Mama Muhonja," alisema Azangu. "Umekula?"

"Sijui."

"Hujala, basi." Alimpa ndizi mbivu. Kageha akaishika.

"Nasikia umekubali mambo ya mti."

"Nimekubali. Wakija na mitambo yao nitasema nilisikia upepo na nilisikia mti ukivunjika. Nitaapa hata."

"Kwa nini?"

"Jumba hakunikosea. Siku ile ni yeye aliyenisaidia kumbeba Mama Berita hadi kwenye gari, na alirudi kutukalia matanga siku nne." Kisu kilizunguka ndizi, ganda likaanguka. "Nitakupikia, nitakuoshea vyombo, nitakufagilia huu uwanja mpaka wageni waishe. Lakini kule kwenye mti sitafika, na kulia usiniombe. Wa kwangu nikitaka kumlilia napanda magari mawili, nikifika namwuliza askari wa lango, namba mia nne na sita iko upande gani? Mara nyingine hajui. Nikilia kwako leo nitakuwa naigiza."

Kageha alisikia kila neno. Alijua lilikuwa neno la kuumiza, na alilipokea kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, anayehisi kisu kinapita ila hakikati.

"Nilikaa kwenye shimo lako," alisema.

"Ulikaa."

"Nilikuwa nalinda bonde."

"Najua. Ulikuwa na haki, ndicho kinachoniudhi hadi leo. Ungekuwa mbaya ningekuchukia nikapumzika." Azangu aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Sasa leo je? Haki iko wapi leo?"

Kageha aliiweka ile ndizi juu ya gogo bila kuimenya, akaondoka.

*

Saa nane wanaume sita walikuwa wameushika mparachichi kwa kamba mbili. Wengine walikuwa wamekata nusu ya mizizi kwa panga, juujuu, kwa uangalifu, wasipite kina cha kiwiko kabla ya wakati. Vugutsa alikuwa ameinua mkono. Mkono huo ukishuka, wangevuta.

"Wekeni kamba chini," alisema Kageha.

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walisikia, na ukimya ukasambaa mpaka kwenye viti vya nyuma.

"Shemeji," alisema Vugutsa, "una uchungu. Nenda ndani ukapumzike."

"Sina uchungu. Ningekuwa nao ningekubali." Alisimama pale kati ya mti na kamba ya nguo, mikono imening'inia. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Nikisema mti, basi wa kwangu nimemzika kwa uongo, na wa kwenu niliwapeleka mjini kwa ukweli. Siwezi kuamka kila siku kuweka mkono kwenye lile bamba. Lakini nikisema kaburi, nawanyang'anya unga nyinyi wote, na hilo pia sina ruhusa nalo. Kwa hiyo nauliza. Gari linafika saa tisa. Mkisema Jumba apande, nitampandisha mwenyewe, na hakuna atakayenisikia nikilalamika."

Mwanamke mmoja alianza kulia akajizuia.

"Na mkisema azikwe," aliendelea Kageha, "basi asizikwe peke yake. Mimi ndiye mlezi, najua Utando unavyolala. Shimo moja na mashimo mia ni misimu mitatu ile ile. Kama ni kulipa, tulipe mara moja, tuwarudishe wote. Vibali nitavitafuta mimi, hata ikibidi nilale mlangoni pa kaunti."

"Mama, unajua unasema nini?" alisema Vugutsa. Hakumwita shemeji. "Nyumba arobaini na moja! Karo, unga, dawa. Na wale wasio na mtu kule mjini? Wao walipie nini?"

Aligeuka kuwatafuta kwa macho. Mwenye nyumba ya mwisho kule mtoni, mzee mmoja mkavu ambaye hajawahi kuzika mtu tangu mkataba uanze, alikohoa.

"Sisi hatuna mtu," alisema. "Bado."

Kisha Azangu akaja kutoka nyuma ya jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi, akasimama mbele za watu.

"Berita," alisema.

Mtu mwingine akataja jina, upande wa ghala. Mwingine akataja mawili, baba na mama. Majina yalikuja bila mpango, mengine kwa sauti ndogo, na kila moja lilipotajwa wanaume wa ile nyumba waliachia kamba, hadi mparachichi ukabaki umesimama wenyewe na mizizi nusu. Kulikuwa na walioondoka. Nyumba tatu ziliinuka vitini, zikapita langoni bila kuaga, na hakuna aliyewalaumu.

Kageha alikwenda kwenye kichwa. Umati ukamfuata mpaka nyuma ya ghala. Aliweka mkono juu ya bamba, likamtambua.

"Habari ya mchana, Mama Kageha. Bonde la Ivuluhi linapumua vizuri. Kuna lolote la kuripoti?"

"Kuna. Tunakusudia kuchimba."

"Tafadhali chagua aina ya tukio. Mti, maporomoko, radi, fuko."

"Kaburi."

"Samahani. Aina hiyo haipo kwenye orodha."

"Basi iandike," alisema Kageha.

"Nimeandika. Hili si tukio la asili. Ruzuku itasimama kwa misimu mitatu. Mashimo ni mangapi?"

"Kumi na nane. Kumi na saba wa mjini, na mume wangu."

"Kumi na tisa," alisema Vugutsa.

Watu waligeuka. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kichwa wazi juani, na pale alipoona wote wanamtazama alionekana kama anataka kurudisha neno lake kinywani.

"Hamkumhesabu kwa sababu hamkuwahi kumwona," alisema. "Mwaka wa tatu wa mkataba. Aliishi siku mbili. Sikuita watu, hata gari sikuliita. Nilimfunga kwenye shali ya mama yake nikampeleka mjini kwa pikipiki, mimi mwenyewe, nikarudi nikaendesha kikao cha mgao jioni ile ile. Mwenyekiti angewaomba nini, na wa kwenu walikuwa wamepelekwa mjini? Nimewaambia watu hapana miaka minane. Nilidhani nikiwaambia hapana wote, na mimi itanitosha."

Kageha alihisi kitu kikimpanda kifuani, kizito na cha moto, na akalazimika kuegemea bamba kwa mikono yote miwili.

"Ana jina?" aliuliza Azangu taratibu.

"Mama yake anamwita. Mimi sijawahi."

"Basi mwite, baba."

Vugutsa alikaa chini kwenye nyasi, mtu mzima, mwenyekiti wa bonde, akalitaja jina la binti yake mbele za watu. Azangu alimwendea, akapiga magoti kando yake, akaanza kulia.

"Mashimo ni mangapi?" kilirudia kichwa kwa adabu.

"Kumi na tisa," alisema Kageha.